Tupeane uzoefu: umesafiri na sanaa yako, huku nyuma fundi kafanya nini?

Mpiga Fidla: Wadau, kwenye uzi wa jana kuna mtu kamlalamikia fundi wake wa nyumba, nikakumbuka yangu. Sisi wa muziki na uchoraji Februari tuko Ngome Kongwe, Zanzibar, kwenye tamasha la Sauti za Busara, baadaye tamasha la Bagamoyo, kiangazi mialiko ya Ulaya. Nyumba nayo ukiiacha nusu, mvua haikusubiri. Leteni yaliyowakuta.

Rangi za Oysterbay: Nilikuwa Nairobi na maonyesho. Nimelipia bati geji 28, zikaezekwa za 30, namba kubwa lakini bati nyepesi. Ukiwa chini huoni tofauti. Nimejua siku fundi wa dishi alipopanda juu, bati likabonyea.

Mwana Makunduchi: Umenigusa mkuu. Bati hizohizo.

Binti Taarab: Niacheni niseme, limenikaa moyoni. Nyumba ya bibi, Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, chokaa, dari la boriti za mikoko. Kundi letu likaalikwa Ujerumani. Kabla ya kuondoka nikamwonyesha fundi ukuta kwa mkono: bandua lipu iliyolegea tu, piga chokaa, simenti sitaki. Akaapa. Kila jioni picha, ukuta unang'aa, natuma hela. Siku ya onyesho niko nyuma ya jukwaa nimeshavaa, simu inaita, dada analia. Lile fundi limepiga simenti ukuta mzima! Na ili apitishe bomba la choo cha juu, kakata vichwa vya boriti mbili pale zinapoingia ukutani. Dari limeshuka upande mmoja, juu ya kitanda cha bibi. Bibi alikuwa barazani, alhamdulillahi. Nikaitwa jukwaani. Nikaimba mikono ikitetemeka, watu wanashangilia, mimi nawaza nani atapata magogo ya kuegemeza dari usiku ule.

Zege Tupu: Pole dada, ila msitutukane mafundi wote. Na simenti ni imara kuliko chokaa, hilo halina ubishi.

Mzee wa Shangani: Lina ubishi mkubwa. Matumbawe yanavuta unyevu na chumvi. Chokaa inauachia unyevu utoke, simenti inaufungia ndani, mwisho lipu inadondoka vipande vipande na jiwe limeshalika.

Zege Tupu: Nimejenga Dar miaka yote sijaona hayo.

Mzee wa Shangani: Dar unajenga tofali, kijana.

Rangi za Oysterbay: Acheni hayo, bibi yuko wapi?

Binti Taarab: Yuko kwangu Mwanakwerekwe, kila siku anaulizia kwake. Simenti tunaibandua taratibu.

Mwana Makunduchi: Dawa ni ndugu asimamie.

Mama Vigae: Ndugu! Shemeji yangu hela ya nondo ilimnunulia pikipiki. Vifaa lipa dukani mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua. Picha hazitoshi, piga simu ya vidio, apime kwa futi unaona.

Zege Tupu: Au funga nyumba, ondoka na funguo.

Mpiga Fidla: Tunaosafiri kila msimu tutajenga lini sasa?

Mwana Makunduchi: Oeni mafundi 😂

Binti Taarab: Mwezi wa saba tumealikwa tena na sebule haijakwisha. Nani ana fundi wa chokaa anayejua boriti?

Mzee wa Shangani: Njoo inboksi, mwanangu. Yupo mmoja Mkunazini, lakini uende naye ukutani kabla hujampa hata shilingi.