Tundu kwenye kiwiko cha sweta la sufu

Muulizaji: Ndugu zangu, sweta la marehemu baba, alilolivaa miaka mingi katika baridi ya Njombe, limetoboka kiwikoni. Fundi ameshauri kiraka cha kitenge, lakini nasita. Je, naweza kuliziba kwa uzi peke yake?

Jibu: Pole, dada. Kitenge hakivutiki kama sufu, hivyo kiraka kitakaza na kurarua pembeni. Weka kibuyu kidogo chini ya tundu, chukua sindano butu na uzi wa sufu wenye unene uleule, kisha anza sentimita moja nje ya tundu, penye kitambaa kizima. Tandika nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, sambamba, halafu pitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, ukibadilisha kila safu.

Jibu: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau: usivute uzi sana, na kila unapogeuza acha kitanzi kidogo, kwa sababu sufu mpya hurudi, yaani hupungua ukubwa, ikifuliwa. Usifunge fundo, maana litakukwaruza kiwiko.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kibuyu ninacho; nitaanza leo jioni.