Mjadala: Dawa ya wadudu ipigwe marufuku kwenye bustani za mboga Bukavu?

Mama wa Kadutu: Ndugu zangu, kwenye mkutano wa avenyu yetu limetolewa wazo kwamba bustani zote zikatazwe kupuliza dawa. Mimi naunga mkono, na sababu yangu ni buibui.

Wiki jana, umande haujakauka, nilichuchumaa kwenye tuta la lengalenga (mchicha). Chini ya jani alikuwapo buibui mdogo arukaye, yule asiyefuma utando, amemng'ang'ania kiwavi nyuma ya kichwa. Jani lilikuwa zima. Tuta la jirani, lililopulizwa siku kumi nyuma, limejikunja kwa vidukari. Kidukari jike huzaa bila dume, siku chache wamejaa tena. Buibui aliyeuawa na dawa harudi upesi hivyo.

Tena buibui halindi mimea tu. Brazil kuna mmea wa jamii ya nanasi anamoishi buibui aitwaye Psecas chapoda. Mmea humpa makao, naye mavi yake na mabaki ya mawindo huangukia katikati ya majani. Watafiti walipima, wakatangaza mwaka 2006: asilimia 18 ya nitrojeni ya mmea ilitoka kwa buibui, na majani yalirefuka kwa asilimia 15. Mbolea ya bure hiyo!

Mkulima wa Panzi: Mama, nakuheshimu, lakini buibui hachagui. Nalima maboga. Buibui mweupe hujibanza ndani ya ua akamkamata nyuki, na bila nyuki boga halishiki. Nyanya nazo zikiliwa, minervali (karo ya shule) ya watoto italipwa na nani? Tufundishane kipimo cha dawa, tusikataze.

Mama wa Kadutu: Papa, la nyuki ni kweli, silipingi. Ila lengalenga na sombe (majani ya muhogo) twachuma majani, hatungojei ua. Hata kwenye ua, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walieleza mmea wa maua ya njano ambao, maua yakianza kuliwa na wadudu, huzidisha harufu inayowavuta buibui. Na dawa ikipulizwa asubuhi maua ya boga yakiwa wazi, nyuki wangapi wanakufa?

Basi nabadili pendekezo: marufuku ianze na mboga za majani. Anayenunua fungu la lengalenga sokoni hana njia ya kujua limepulizwa lini. Maboga na nyanya tuyajadili msimu ujao, Papa, nawe uje na hesabu zako. Wenye matuta wengine, mnasemaje?