Toyota 86 yenye volan kuume hapa Lubumbashi, nitaichezea wapi?

volan_kuume:

Ba ndugu jambo. Niko Lubumbashi, upande wa Bel-Air. Tangu mwezi wa tano niko na Toyota 86 ya 2013, ilitoka Japani ikashukia Dar es Salaam, ikapanda juu ya kamyo paka Kasumbalesa, pale duane ikanikamua sawa muwa lakini hiyo hadithi tuiache. Vitesi sita za mkono, farasi 200, rangi nyekundu, na nikipita nayo mu komini ya Kenya hapa mjini watoto banapiga kelele kama Mazembe imetoka kushinda.

Sasa shida. Bibi yangu anasema nimenunua motokari ya watu wawili na nusu. Mama mkwe aliingia mara moja tu, kutoka ilibidi tumvute watu wawili. Dodane (matuta ya barabarani) zote za mji nazijua moja moja, nazipita kiubavu sawa kaa na bado parshok (bampa) ya mbele imepasuka kwa chini. Na hii volan kuume, na hapa kwetu tunatembea kuume, ku njia ya Likasi nikiwa nyuma ya kamyo ya shaba mi naona paka majani ya kando ya barabara, bibi njo anakuwa macho yangu, anasema "pita" ao "bado", na siku tumegombana hatuendi fasi.

Nataka kujua mwenye motokari ya hivi hapa kwetu anaichezea wapi? Juzi asubuhi saa kumi na mbili nilienda njia ya Kipushi nikaifungulia kidogo, kufika mara ya ine ya kukanyaga freni kwa nguvu pedali ikalegea ikashuka chini sawa nakanyaga ndizi mbivu, niliogopa sana na plaketi za freni ni mpya kabisa. Kuna pia kijana mmoja ananisukuma tuweke turbo, ile ya kusukuma hewa mingi mu moteri. Na kitu kiko mu roho yangu siku mingi, musicheke, ni kuipeleka ku pisti ya mbio ya Kyalami kule Afrika Kusini nizunguke ata siku moja tu. Inawezekana ao ni wazimu?

mwana_goma:

Hahaha pole ndugu. Mi niko Goma, hapa ukitoka juu ya lami unaangukia mawe ya volkano, motokari ya chini hivyo ata chukudu (kale ka baisikeli ka mbao ka kubebea mizigo) imebeba viazi itakupita na mwenyewe atakusalimia vizuri. Nilikuwaga na Mazda Roadster, ile ya zamani yenye taa zinafungua na kufunga sawa macho ya chura, uzito wake haufiki ata tani moja. Nilikaa nayo miezi nane, na katika hiyo nane sita ilikuwa chini ya shuka. Nikauzisha.

Lakini nikuambie ukweli, ile miezi miwili sijaisahau mpaka leo. Asubuhi mapema, paa wazi, njia ya Sake, ziwa liko kushoto na ukungu bado haujaondoka, naenda 60 tu lakini masikio yanasema 120. Ndio raha ya hizi motokari ndogo, haziombi mwendo wa kufa. Rafiki yangu mmoja alikuwa na jeep ya farasi 400, kila siku analalamika kwamba hajawahi kuifikisha popote.

Swali langu moja: njia ya Kipushi saa kumi na mbili asubuhi, si ndio saa ya watu wa baisikeli za makala?

fundi_kamalondo:

Mwana_goma umeshika pale pale mimi nilitaka kuanzia. Mudogo volan_kuume, baba wa watu anasukuma baisikeli na magunia matatu ya makala tangu usiku, anakuona wapi wewe na kimotokari chako cha chini? Na hiyo siku pedali ingelegea mbele yake je? Usirudie tena. Nimemaliza, sasa tuongee mekaniki.

Plaketi hazina kosa. Likwidi ya freni inakunywa maji ya hewani polepole, kila mwaka kidogo kidogo, ata kama motokari imelala tu mu garaji. DOT 4, aina moja ya hiyo likwidi, ikiwa mpya haichemki paka ifike nyuzi 230, lakini ikishaingia maji inaweza kuchemka ku 155 tu. Ukikanyaga kwa nguvu mara tatu mara ine, moto wa diski unapita ku piston unaingia mu likwidi, inachemka, inatoa mvuke, na mvuke unabanika lakini likwidi haibaniki, njo maana mguu ulienda paka chini. Fungua kopo ya likwidi uangalie rangi, nikiwekea dau ni sawa chai ya rangi. Mwaga yote, weka DOT 4 mpya ao 5.1, mukamue ku magurudumu yote ine. DOT 5 usiguse, ile ni silikoni haichanganyikani na hizi, na kuna wauzaji watakuambia 5 na 5.1 ni mamoja. Si mamoja.

Juu ya turbo, hapana. Najua kijana anakuambia nini, Lubumbashi iko mita 1200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, moteri bila turbo inapoteza kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi, farasi 200 zako hapa zimebaki kama 175. Kweli. Lakini hiyo moteri inabana hewa na esansi 12.5 kwa 1 tangu kiwandani, inataka esansi nzuri ya okteni ya juu, ukiipa ya chini kompyuta inachelewesha moto wa buji ili isigonge na unapoteza nguvu zingine. Sasa juu ya hiyo unasukuma hewa ya turbo na esansi ya mu bido? Utaniletea piston ziko na matundu, nitakula pesa zako, lakini sitafurahi.

Kitu kingine unaacha ukikimbilia turbo. Toyota yenyewe mwaka wa 2018 iliita baadhi ya hizi 86 za 2012 na 2013 juu ya resori za valvu ambazo zingeweza kuvunjika. Andikia ule aliyekuuzishia, uulize kwa nambari ya shasi kama ilifanyiwa. Na angalia pine zako, ubavuni kuna namba ine mwisho wa maandishi ya DOT (hii ni DOT ingine, si ya freni), mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Niandikie hapa ni ngapi.

yaya_wa_pisti:

Nimesoma Pretoria miaka ine, na pesa zilizopaswa kununua vitabu nyingine ziliishia ku pisti ya Zwartkops, Mungu anisamehe na papa asisome hapa. Kyalami nilizunguka mara mbili. Si wazimu mudogo, lakini unaanza mwisho.

Kyalami ni kilometa 4 na nusu, Formula 1 ilikuwa inakimbia pale paka 1993, kisha pisti ikachakaa, mwaka wa 2014 ikauzwa ku mnada kwa randi milioni 205 ikatengenezwa upya. Kuna mushuko unaitwa Mineshaft, yaani shimo la mgodi, mwana Katanga utajisikia nyumbani lakini tumbo litabaki juu. Ni pisti ya kuogopesha kwa mutu wa kwanza. Zwartkops ni fupi, kilometa 2.4 hivi, ukikosea unakosea polepole. Anzia pale.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimejiona dereva. Muzee mmoja na Volkswagen Golf ya zamani, kiti cha nyuma ametoa, alinipita mara tatu mbele ya saa sita. Mi nilikuwa nakanyaga freni kidogo kidogo kwa muda mrefu sawa niko mu mji, diski zinaiva bure, yeye anakanyaga mara moja kwa nguvu motokari ikiwa bado imenyooka, anaachilia, anageuza, anatoka. Jioni alinifundisha kuangalia mbali, pale unataka kwenda, si pale unaogopa. Hiyo moja ilinipa sekunde nyingi kuliko pesa zote niliweka ku moteri. Na ukitoka pisti fanya mzunguko mmoja wa polepole freni zipoe, kisha paki bila kuvuta freni ya mkono, ukivuta zikiwa za moto zinaweza kunata. Pine pima pumzi zikiwa za moto, utakuta imepanda, punguza.

Safari sasa. Ni zaidi ya kilometa 2000. Jambo la kuchekesha ni kwamba hiyo volan yako ya kuume inageuka kuwa ya haki ukivuka tu Kasumbalesa, Zambia banatembea kushoto, Botswana vile vile, Zimbabwe vile vile, paka Johannesburg, bibi unaweza kumuacha alale. Ukipitia Botswana kuna daraja la Kazungula tangu 2021, hakuna tena kungojea feri. Lakini viza, makaratasi ya kuingiza motokari kwa muda ku kila mupaka, asuransi (na ya kawaida hailipi ukiharibikia mu pisti, soma vizuri), halafu ukivunja kitu pale utarudi na nini? Motokari ya pisti lazima uwe tayari kuiacha.

Ushauri wangu, panda basi. Nenda bila motokari, lipa mwalimu na motokari yao kwa siku moja, urudi. Kisha hiyo 86 utaiendesha hapa hapa ku 70 na utaifurahia kuliko ile siku ya makala.

volan_kuume:

Ba yaya asanteni, na ile ya baisikeli nimekubali, nilikosa. Bibi amesoma yote, amesema fundi_kamalondo aje kula bukari siku ya mungu.

Likwidi tumefungua leo. Si chai ya rangi, ni kahawa. Pine zimeandikwa 4712 zote ine na bado ziko na manyoya mazuri, juu ya nini?

fundi_kamalondo:

Wiki ya 47 ya 2012, zilitoka nayo kiwandani. Manyoya yako lakini mpira umeshakuwa jiwe, na mvua ya kwanza ikinyesha utazunguka mu rond-point bila kupenda. Ile pesa ya turbo njo pesa ya pine. Usiende nayo popote kabla, ata kwa mama mkwe.

mwana_goma:

Kwa mama mkwe hawezi, yule mama hapandi tena 😂