Tiketi moja, kambi mbili: mchujo wa MCA nimpe nani?

Mama Omena, Kibuye
Habari za jioni wadau. Nauza omena soko la Kibuye, naishi upande wa Kisumu Mashariki. Wadi sitaitaja maana huku kila mtu ni shemeji ya mtu. Kuna wawili wanaowania tiketi ya chungwa, yaani ODM, ya MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), na chama chenyewe mnajua kilivyo tangu Baba, Raila Odinga, atutoke Oktoba 2025: hawa wanataka tubaki kwenye serikali jumuishi na Rais Ruto, wale wanataka tutoke. Wetu nao wamegawana vivyo hivyo.

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, yuko na wale wa kutoka. Aliwafundisha wanangu hesabu. Gari hana, mikutanoni huja na boda. Ukimuuliza jambo anatoa bajeti ya kaunti kwenye mfuko wa koti, kurasa zote zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Taabu yake hasalimii watu. Hupita kati ya meza zetu kama anayesimamia mtihani.

Wa pili ni kontrakta, yuko na wale wa serikali. Mtaro ulipofurika mwezi wa nne alileta lori la maramu kesho yake, kwa pesa yake mwenyewe. Matanga hakosi, na kila mama sokoni anamjua kwa jina. Lakini nikimuuliza habari ya choo cha soko, jibu lake ni kununua omena. Juzi alilipa gorogoro tano akaenda zake bila kubeba hata moja.

Mume wangu na ndugu zake wote ni wa kontrakta. Chama chetu cha akina mama nacho kimepasuka. Alhamisi hata michango hatukuhesabu kwa kelele. Nipeni mawazo, matusi hapana.

Boda wa Kondele
Kula kwa kontrakta, pigia mwalimu. Swali lingine?

Mbusia
Dada, kwanza jua uzito wa hiyo kura. Kwetu Busia, 2017 Otuoma na Ojaamong waling'ang'ania tiketi ya ODM ya ugavana. Otuoma alipoikosa akasimama kivyake, Agosti akaanguka. 2022 alirudi na tiketi hiyo hiyo na leo ni gavana. Hata kwenu Ranguma, aliyekuwa gavana, aliyakataa matokeo ya mchujo wa 2017, akamkabili Nyong'o akiwa mgombea huru, akashindwa. Huku kwetu mchujo ndio uchaguzi. Ukikaa nyumbani siku hiyo kwa kuogopa maneno ya mashemeji, Agosti 2027 utakuwa unagonga muhuri tu.

Mzee wa Kaloleni
Binti yangu, wa Busia amesema kweli lakini ameacha kipande. Hapo hapo kwenu Kisumu Mashariki, 2017 Shakeel Shabbir aligombea ubunge bila chama akashinda, na 2022 akarudi ODM akashinda tena. Kwa hiyo mtu pia huangaliwa. Ila anayefikiria njia hiyo hawezi kungoja ashindwe dakika ya mwisho: kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka awe nje ya chama kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi, na wa wadi lazima aungwe mkono na wapiga kura 500 wa hapo. Waulize wote wawili, mbele ya watu: ukishindwa, utamuunga mwenzako?

Mimi nilipanga foleni ya mlolongo wa KANU, chama tawala wakati huo, mwaka 1988. Ulisimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, chifu anakutazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 amepita, sanduku la siri hakuna tena. Na milolongo mirefu ilitangazwa mifupi. Tangu hapo nyumbani kwangu hakuna anayeulizwa anampigia nani, mke wangu akiwemo. Mumeo usimwambie.

Kijana wa Nakuru
Mama, serikali jumuishi haiamuliwi na MCA. Yeye hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kumulika kazi ya gavana. Masoko, zahanati, chekechea, barabara za kaunti, ndiyo mambo yake. Kwa hiyo kalamu nyekundu mimi naipenda. Lakini hoja kwenye bunge la kaunti haipiti bila kuungwa na wenzako, na asiyesalimia atawashawishi vipi?

La mwisho: jina lako liko kwenye sajili ya chama? Tangu sheria ya vyama irekebishwe 2022, mchujo wa wanachama hupigwa na waliosajiliwa, na orodha hutoka kwa Msajili wa Vyama. Angalia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Mama Omena, Kibuye
Ahsanteni. Jumapili tulikuwa na harambee ya kanisa, wote wawili wakaja, nikawauliza lile swali la mzee. Kontrakta akacheka: "Mama, mimi sishindwi." Mwalimu alifikiri kidogo, akasema atamuunga mwenzake mradi kura zihesabiwe kituoni na matokeo yabandikwe ukutani. Nimemwambia kura yangu anayo, ila ajifunze kusalimia. Akanipa mkono palepale, na mama wa nyanya aliyesimama ubavuni mwangu akamruka. Kazi bado ipo.

Sasa kioja. Binti yangu kaniingiza eCitizen: niko kwenye chama kingine kabisa, hata nembo yake siijui! Nani alinisajili? Natokaje?

Kijana wa Nakuru
Si wewe peke yako, 2021 watu wengi walijikuta hivyo na nchi ikapiga kelele. Kuna sehemu ya kujiuzulu hapo hapo eCitizen. Jitoe, hakikisha jina limeondoka, ndipo ujisajili unakotaka. Fanya wiki hii, usingoje tarehe ya mchujo itangazwe. Na wale wamama wa chama chenu, wa kambi zote mbili, waangalie yao. Na mwalimu pia.