Geji ya hewa na mafuta inasoma 17 gari likiwa sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa), skana haioni tatizo

BoksaWaNjiro
Wakuu habarini. Nina Forester SG5 ya turbo, injini EJ205. Kila nikipanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu nafika juu na moshi wa bluu, na mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo) imelowa oili. Fundi akasema oili inatokea kwenye mipira ya kupumulia injini, ile ya kwenye tapeti kava (kifuniko cha valvu). Akaing'oa kwenye bomba la hewa la turbo, akaiunganisha na kuichomelea kwenye ekzosi, chini kidogo ya turbo, ikiwa na valvu ya njia moja. Eti ekzosi itauvuta moshi yenyewe. Mpira mmoja akauacha wazi na kichujio kidogo, na ile njia ya PCV (valvu inayorudisha moshi wa tumboni mwa injini ukachomwe tena) akaiziba kwa boliti. Sensa ya geji, Bosch LSU 4.9 inayopima oksijeni kwenye ekzosi, ipo kama futi moja baada ya hapo alipochomelea.

Sasa likiwa sailensi geji inasoma 17, yaani hewa 17 kwa mafuta 1, mafuta machache mno. Nikikanyaga turbo ikaamka inashuka hadi 11 na kitu, safi kabisa. Skana inaonyesha kompyuta inaongeza mafuta asilimia 2 tu, na plagi zina kahawia nzuri. Nimwamini nani? Halafu hii ni sensa ya pili. Ya kwanza ilikufa wiki ya tatu.

Mzee wa Spana
Amini plagi. Gari likiwa sailensi, moshi wa ekzosi ni kidogo na unatoka kwa mapigo. Pigo likishapita linaacha mvuto, valvu inafunguka, inanyonya hewa kutoka kwenye kile kichujio, hewa inapita tumboni mwa injini hadi kwenye ekzosi bila kuonja moto. Sensa ikikutana na oksijeni yote hiyo inakwambia mafuta ni machache. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi na ile hewa inamezwa. Sensa ya kiwanda ipo juu ya hapo palipochomelewa, ndiyo maana kompyuta haina habari.

Mbinu yenyewe ni ya magari ya dragi ya Marekani, V8 zisizo na turbo, ekzosi wazi. Wewe una katalisti (kisafisha moshi) na silensa. Turbo ikifanya kazi presha inajaa kwenye bomba, valvu inajifunga, na huo ndio wakati injini ina moshi mwingi zaidi wa tumboni wa kutoa. Hebu sema kweli, kile kichujio hakitemi oili?

BoksaWaNjiro
Kinatema mzee wangu. Chini ya boneti upande ule kumelowa kote. Nilidhani inarushwa na mkanda.

Dada Turbo
Kaka, ziba hilo tundu la ekzosi, PCV irudi. Ing'oe kwanza uitikise, isipolia imekwama, weka mpya, orijino. Mipira ya tapeti kava ipitishe kwenye kopo la kudakia oili lenye vizuizi ndani, kisha irudi kwenye bomba la kabla ya turbo. Injini ya boksa imelala ubavu, kwenye kona ndefu oili inajikusanya pale pale mdomoni mwa mpira, kwa hiyo kopo utalimwaga mara kwa mara. Ukikuta kwenye kopo uji wa rangi ya chai ya maziwa usikimbilie gasketi ya hedi, Arusha kuna baridi, ni mvuke umechanganyika na oili. Ila pima kompresheni kabla ya kununua chochote. Ringi za pistoni zikiwa zimechoka kopo litajaa kila safari na hujatibu kitu.

Sensa ya kwanza mvuke wa oili ungeiua, lakini wiki tatu ni haraka mno. Imekaaje kwenye bomba?

BoksaWaNjiro
Imefungwa chini ya bomba, inatazama lami. Nilimwelekeza fundi kwa simu kama maelekezo yanavyosema, iwe kati ya saa nne na saa nane.

Mzee wa Spana
Hahaha! Saa nne ya mshale ni namba 10, saa nane ni namba 2, yaani JUU ya bomba. Mwenzio kasikia nne na nane akaenda kwenye 4 na 8. Maji ya asubuhi yanatuama kwenye sensa, hita ikiwaka seramiki inapasuka. Hamishia juu, na isogee iwe sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye turbo.

BoksaWaNjiro
Nimempigia sasa hivi. Anasema hata yeye alishangaa kwa nini chini, ila mteja ndiye aliyeagiza.