Naomba ushauri: filamu ya wachimbaji almasi kwa wanaojifunza Kifaransa

Habari zenu wanajamvi. Naendesha kikundi kidogo cha wanaojifunza Kifaransa, na nataka tutazame La Mort en ce jardin ya Luis Buñuel, ya 1956. Serikali ya nchi moja ya Amerika Kusini inawanyang'anya wachimbaji machimbo yao ya almasi, wanashika silaha, jeshi linaingia. Kisha wachache wanakimbilia msituni, akiwemo mzee Castin na bintiye asiyesikia wala kusema.

Shida ni kwamba ni kama filamu mbili: ugomvi wa machimbo, halafu njaa na mvua porini. Nimejaribu kuwaonyesha kipande cha msituni peke yake. Hawakuelewa kwa nini watu wale hawaaminiani. Nikasimulia mwanzo kwa mdomo, uhondo ukapotea. Na sitaki wamkose Michel Piccoli akiwa padri, amecheza vizuri mno!

Je, niionyeshe yote kwa kikao kimoja au niigawe, na nikate wapi? Pili, nitangulize Le Salaire de la peur ya 1953, ambamo Charles Vanel, aliyecheza Castin, yumo pia?

Natanguliza shukrani.