MJADALA: Mtunzi chipukizi wa Kusini atapigiwa wapi kazi yake ya okestra?

Wadau wa muziki wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Limekuwa likizungumzwa pembeni baada ya mazoezi ya kwaya na kuishia hapohapo.

Watunzi tunao. Nenda parokia yoyote, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea, hukosi kumkuta kijana mwenye daftari la nyimbo alizotunga mwenyewe, sauti nne zimekaa vizuri, na kwaya inaziimba. Kuimba kwa nota huku si jambo la jana. Wabenediktini wapo Ndanda tangu mwaka 1906. Mtunzi wa kwaya akiandika wiki hii, wiki ijayo anaisikia kazi yake, anaona alto wanakwama wapi, anarekebisha. Ndiyo maana watunzi wa kwaya wanakua haraka.

Shida inaanza kijana huyo anapotamani kuandikia vyombo. Programu ya MuseScore ni ya bure. Ni ya kuandikia nota. Anaipakua, anapanga filimbi, klarineti, tarumbeta, fidla na timpani (ngoma kubwa za okestra), anabonyeza, kompyuta inapiga. Inapendeza kweli. Lakini kompyuta haina pumzi wala mkono unaochoka. Namfahamu mmoja aliyeandika sehemu ya tarumbeta ndefu, nota zimefuatana bila nafasi. Aliipeleka kwa mzee mmoja mstaafu wa bendi ya jeshi. Mzee aliitazama karatasi kimya, akaweka kidole katikati ya mstari, akauliza: "Hapa napumua wapi, mwanangu?" Walipojaribu pamoja na kinanda likaibuka la pili. Tarumbeta ile ni ya Bb, yaani mpigaji akisoma C inasikika Bb. Kijana alikuwa ameichapa sehemu ile kama ya kinanda, kwa hiyo tarumbeta ikawa chini kwa toni nzima mwanzo hadi mwisho. Kwenye kompyuta kila kitu kilisikika sawa. Kwa mzee yule aliyajua yote mawili kabla chai haijapoa.

Sasa swali. Tuwasukume vijana hawa watume kazi zao kwenye mashindano ya nje, au tuanzishe hapahapa kikundi cha kuzipiga, hata kama hakitafanana na okestra za Ulaya? Mimi nasema tuanzishe kikundi, tena mwaka huu.

Mashindano ya nje nayaheshimu. Tokyo kuna tuzo yenye jina la mtunzi wa Japani, Toru Takemitsu, ilianza mwaka 1997, ya kazi za okestra kwa watunzi wasiozidi miaka 35, na kila mwaka jaji ni mmoja tu. Jaji anasoma makaratasi, anachagua chache, hizo ndizo zinapigwa. Asiyechaguliwa hasikii hata nota moja ya kazi yake. Kijana wa Newala ambaye hajawahi kukaa chumba kimoja na fidla nne atashindana vipi na mwenzake aliyesoma jirani na okestra tangu utotoni? Akikataliwa hataambiwa kosa liko wapi.

Kuna mpango mwingine ambao mimi ndio ningeuiga. London Symphony Orchestra wana mpango wa watunzi uitwao Panufnik tangu mwaka 2005. Kila mwaka watunzi sita, kila mmoja anaandika kipande cha dakika tatu, okestra inakifanyia mazoezi mtunzi akiwa amekaa pale anasikia, anaongea na kiongozi na wapigaji. Dakika tatu tu. Huo ni utaratibu unaowezekana hata kwa wapigaji kumi na wawili.

Na asiniambie mtu kwamba bila vyombo kamili haiwezekani. Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, mwaka 1994, watu wakipokezana fidla chache zilizokuwepo, na waya ukikatika waliweka wa breki ya baiskeli. Leo ni okestra kamili.

Karibuni mchangie. Msinionee haya.

Mchangiaji, Masasi

Kaka, nakuheshimu lakini hapa sikuungi mkono. Ukishasema "tuanzishe", hatua inayofuata ni kwenda halmashauri na barua ya kuomba fedha. Halmashauri zetu zina zahanati zinazosubiri dawa na watoto wanaosubiri madawati. Mimi ni mkulima wa korosho, najua makato yanavyouma, na siko tayari kusikia sehemu ya ushuru inakwenda kununua fidla. Mnaotaka muziki huo changishaneni. Mkifika mbali nitakuja kusikiliza, hilo naahidi.

Mwalimu wa kwaya, Newala

Nafundisha kwaya kwa miaka mingi, na vijana anaowasema ndugu yetu wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo nitasema yanayoniuma.

Kwanza, wengi wao hawajawa tayari. Nota zao chafu. Hakuna alama ya kasi, hakuna kwa nguvu wala kwa upole, sehemu hazina namba za bari, yaani vile vipande vya mstari wa nota. Mkiwaita wapigaji kumi na wawili, nusu ya siku itaishia "tuanzie wapi?" Hapo ndipo namtetea jaji wa Tokyo. Ukijua kuna mtu asiyekujua atasoma karatasi yako bila wewe kuwepo kumweleza, unajifunza kuandika kila kitu. Mashindano yana tarehe ya mwisho. Sisi huku tukipanga tarehe huwa tunaisogeza.

Pili, kuna shule. Bagamoyo ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Zanzibar ipo Dhow Countries Music Academy tangu mwaka 2002, na pale fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, zinafundishwa na watu wanaozipiga kila siku. Badala ya kukusanya wapigaji wa kubahatisha, tuchange tumpeleke kijana mmoja kila mwaka. Akirudi atafundisha kumi.

Nakubali jambo moja tu: huyo kijana akirudi, bado atahitaji watu wa kumpigia.

Mpiga tarumbeta, Mtwara mjini

Nashukuru kwa kutukumbuka, maana kwenye mambo ya nota sisi wa matarumbeta ya harusi huwa hatuhesabiwi. Ila semeni ukweli wote. Wanaosoma nota kati yetu ni wachache, wengi ni wastaafu wa bendi. Sisi wengine tunapiga kwa kusikia. Niimbie mara mbili, ya tatu nakupigia. Mtunzi akija na karatasi tu, mimi hanipati. Akija na kinanda akanipigia sehemu yangu, ananipata.

Halafu Jumamosi usiniite kabisa. Jumamosi ni harusi, na harusi ndiyo inayolipa ada ya watoto. Na siku nyingine nikija, nauli na chakula viwepo. Tukishaambiwa "njooni mjitolee kwa ajili ya sanaa", tunajua tutakaorudi kwa miguu ni sisi.

Mchangiaji, Lindi mjini

Nawasoma tangu juu na naona kwaya, parokia, kinanda. Lindi na Mikindani ni miji ya pwani, ndugu zangu. Watu wetu wengi sikio lao limekuzwa na kasida, dufu na taarabu. Fidla mnazozitafuta kwa mbali zimo kwenye taarabu tangu zamani, kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905. Na tarumbeta? Babu zetu walicheza beni, ngoma ya kuiga bendi za jeshi, vikundi vya Marini na Arinoti, vyombo na gwaride, karibu karne moja sasa. Kwa hiyo wazo la watu wengi kupiga pamoja wakiwa wamepangwa vizuri halikuletwa na kompyuta.

Ombi langu ni moja na nalisema kwa moyo. Kikao kikifanyika, kisifanyike kwenye ukumbi wa kanisa. Si kwa ubaya. Mzee wangu mpiga kodiani hataingia, na binti yake anayejifunza fidla hataruhusiwa. Tafuteni ukumbi wa shule au wa kijiji.

Lingine: mpiga ngoma wa sindimba mtamwandikia nini? Yeye ndiye mwenye mapigo ambayo London hawana. Mkimpa karatasi ya timpani mtakuwa mmempoteza.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Najibu yale yanayogusa hoja.

Ndugu wa Masasi, halmashauri siiendei. Hata Mfuko wa Utamaduni na Sanaa siuoni kuwa mlango wa jambo hili, kwa sababu unatoa mikopo, na mkopo unataka marejesho. Kikao cha kusoma nota hakina kiingilio wala mauzo. Msanii anayerekodi albamu anaweza kukopa. Mtunzi anayetaka kusikia dakika zake tatu atarejesha kwa nini? Gharama halisi ni nauli, chakula na kutoa kopi. Hizo kwaya chache zikichangia kama zinavyochangia safari za mwaliko, zinatosha.

Shikamoo mwalimu. La nota chafu nalichukua lote, na naomba wewe ndiye uwe mlangoni. Kazi isiyo na namba za bari, alama za kasi na nafasi za kupumua irudi kwa mwenyewe kabla mpigaji hajaiona. Tarehe ya mwisho itangazwe na isisogezwe hata kwa mtoto wa kiongozi. La kumpeleka mmoja Zanzibar sikupingi, lakini umelisema mwenyewe: akirudi akute nini? Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakirudi na kuishia kupiga kinanda kwenye sherehe kwa sababu hapakuwa na mtu wa pili wa kupiga naye. Ningeanza na kikundi, kisha kikundi chenyewe kichague wa kumpeleka.

Kaka wa tarumbeta, umenibadilishia mpango. Nilidhani sharti liwe kusoma nota. Sasa naona afadhali kila mtunzi afike siku moja kabla, akae na wasiosoma, awapigie sehemu zao mpaka ziwakae. Na hilo litawafundisha watunzi kuandika sehemu zinazokumbukika, jambo ambalo vipande vingi vya kompyuta havina. Jumamosi tumeiacha.

Ndugu wa Lindi, ukumbi wa shule, nimekubali bila masharti. Kuhusu sindimba, pendekezo langu ni kwamba mtunzi asimwandikie mpiga ngoma. Aandike wengine wanaingia wapi na wanatoka wapi, mapigo yawe ya mwenye ngoma. Hapo mtunzi atalazimika kwenda kwa wazee wa ngoma kabla ya kufungua kompyuta, na hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Mahali naona Mnazi Mmoja, pale barabara za Lindi, Mtwara na Masasi zinapokutana, kila mtu asafiri kidogo. Wakati uwe likizo ya Juni: Pasaka imepita, mvua zimekwisha, madarasa yako wazi, na minada ya korosho bado. Kazi nne za kwanza, zisizozidi dakika tatu, kwa fidla mbili, klarineti, tarumbeta mbili, tromboni, kodiani, kinanda na ngoma. Ninachokosa hadi sasa ni klarineti. Mwenye nayo Lindi au Nachingwea, hata kama haijapigwa siku nyingi na pedi zimeoza, aseme hapa chini.